Linawaka, Kisha Linazimika

Gari lisilowaka kabisa lina adabu yake. Unazungusha ufunguo, linanyamaza, na wewe unajua papo hapo kwamba leo huna gari, utafute njia nyingine. Langu lilikosa adabu hiyo. Kila nilipozungusha ufunguo liliwaka vizuri, likanguruma, nikakanyaga klachi, na kabla sijaingiza gia likazimika. Nikawasha tena. Likanguruma tena, likazimika tena.

Nilikuwa uani kwangu Nawoitorong, hapa Lodwar, nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kanisani, na jua lilikuwa bado halijakolea. Nililitukana gari hilo kwa Kiturkana, nikalitukana kwa Kiswahili, kisha nikashuka nikaupiga mlango teke. Viatu vya kanisani havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kidole kiliniuma siku nzima.

Sikuwa naenda kanisani. Nilikuwa naenda Kakuma kumuaga Nabintu.

Nabintu ni Mkongomani wa Bukavu, mkimbizi, na ndiye aliyekuwa akiniuzia samaki wangu katika soko la Kakuma tangu nilipopata pikapu. Mimi nawachukua Longech, ziwani, wakiwa wamekaushwa, nawafikisha kwake. Yeye anawauza, tunakula ugali katika sufuria yake, tunagombana kidogo, narudi Lodwar. Hajawahi kuliona ziwa wanakotoka samaki hao, maana mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, na kila alipoomba kibali aliambiwa arudi wiki nyingine. Sasa alikuwa amepata kibali kikubwa kuliko vyote. Saa sita mchana basi lingewachukua yeye na wenzake hadi uwanja wa ndege, wapelekwe Nairobi, na kutoka Nairobi Kanada. Nilimwahidi kwamba nitakuwapo. Kutoka kwangu hadi Kakuma ni kama saa mbili za lami, na niliamka alfajiri ili nisiwe na kisingizio cha kuchelewa.

Hata ufunguo niliokuwa nao ulitoka kwake. Wangu uliniponyoka ukazama ziwani pale Longech nikiwa nabishana na wavuvi, ukabaki wa akiba peke yake, ambao nilikuwa nimemwachia Nabintu anitunzie. Nilimpigia simu autume. Ulifika jana jioni kwa mkono wa Ekaale, dereva wa matatu, umefungwa katika kipande cha kitenge, na nilipokifungua nilikaa chini. Nabintu alikuwa amekivisha kile kichwa cheusi cha plastiki cha ufunguo bamba la alumini, limekunjwa huku na huku na kupigiliwa misumari midogo pembeni, linang'aa kama vikuku vya mama yangu. Upande mmoja palichorwa samaki. Nadhani fundi aliyemchora hajawahi kumwona samaki akiwa mzima, kwa sababu alifanana zaidi na ndala. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikautia kamba nikauvaa shingoni na kulala nao.

Sasa samaki huyo alikuwa ananing'inia kando ya usukani, na gari limekufa.

Nikampigia Odongo. Odongo ni fundi wa magari, alitoka Siaya akiwa kijana, akaja Lodwar kwa kibarua cha mwezi mmoja na hajarudi kwao mpaka leo. Ni hodari wa kazi, na hakuna anayelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Alifika kwa boda boda, sanduku la spana mapajani.

"Ejok, Mama Samaki," alinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Gari inawaka halafu inazima."

"Hiyo ni mafuta," alisema kabla hajashuka.

"Haujaiona bado."

"Si nimekuambia ni mafuta? Gari ikiwaka halafu izime, inalia njaa. Ulijaza wapi?"

Nilimwambia nilijaza Kalokol, kwa yule mama wa mitungi niliyezoea. Odongo akatikisa kichwa kwa huzuni nyingi, kana kwamba nimemwambia nimefiwa. Mafuta ya mitungi, alisema, yana maji, yana mchanga, yana kila kitu isipokuwa mafuta. Nilimjibu kwamba mafuta yangu hayana neno, kwamba namjua mama yule na mumewe na mama mkwe wake, na kwamba nikiwa na shida ya kumsikia mtu akiwasema watu wa Kalokol nitamwita. Alikuwa ameshafungua boneti na hanisikii.

Akatoa filta ya mafuta, akaipuliza, akainusa, akaniletea niione. Ilikuwa chafu kidogo. Chafu kidogo kwa Odongo ni ushindi. Akaweka mpya kutoka katika sanduku lake na kuniambia niwashe.

Nikawasha. Gari likanguruma vizuri kuliko mara zote za asubuhi ile, na wakati uleule simu ikalia. Alikuwa Ekaale, yuko stendi, anakwenda Kakuma, amebakiwa na kiti kimoja.

"Nikuwekee?" akauliza.

Nilimtazama Odongo. Odongo alinyoosha dole gumba, uso wote meno. Moshi ulikuwa unatoka nyuma kwa mpango, boneti inatetemeka, kila kitu kiko sawa.

"Nenda," nilimwambia Ekaale. "Gari yangu imepona."

Nilikata simu, na gari likazimika. Nilipompigia tena Ekaale, simu yake haikupokelewa, na mtu yeyote anayemjua Ekaale anajua kwamba akishashika usukani hata mkewe hampati.

Hapo ndipo hasira iliponishika kweli. Gari lisilowaka lingenipandisha matatu ya Ekaale. Hili lilikuwa linaniwekea matumaini mkononi, kisha linaninyang'anya, na mimi kila mara nanyoosha mkono tena. Odongo akasema tusiharakishe. Nilimwuliza kama anajua maana ya neno hilo kwa mtu ambaye rafiki yake anaondoka saa sita. Akasema anajua, ndiyo maana tusiharakishe.

Akahamia kwenye pampu. Akachomoa mpira wa mafuta, akauelekeza kwenye chupa ya soda, akaniambia nipige stata, na mafuta yakaruka kwa nguvu hadi yakamrukia usoni. Pampu ilikuwa nzima. Akaiweka chupa juani, akaiinamia, akingoja maji na mchanga vijitenge. Havikujitenga. Mafuta yalikuwa safi, rangi yake ileile toka juu hadi chini.

"Sema kitu," nilimwambia.

"Ni masafi," alikiri, na ilimuuma.

Baada ya mafuta akageukia hewa. Akafungua sanduku la filta ya hewa, akatoa mchanga wa Turkana nzima na manyoya ya kuku. Nikawasha, likanguruma, likazimika. Baada ya hewa, betri: akasugua vichwa vyake kwa msasa mpaka vikawa vyeupe. Likawaka, likazimika. Akachomoa fyuzi moja moja, akizielekeza juani na kuzichungulia. Zote nzima. Jua lilikuwa limeshapanda, gauni langu limeniganda mgongoni, na nilikuwa na mafuta ya gari hadi viwikoni kwa sababu sikuweza kusimama tu nikiangalia.

Odongo akakaa kwenye bampa, akajifuta uso.

"Nisikilize," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Gari ya kukosa mafuta inakohoa kwanza. Inapiga chafya, inatikisika, ndiyo ife. Hii haikohoi. Inaenda muzuri, halafu inakatika palepale, kila saa palepale. Hii haifi, Mama Samaki. Hii kuna mtu anaizima."

"Nani?"

"Sijui. Toka iwake muzuri mara ya mwisho, umebadilisha nini?"

"Hakuna."

"Fikiria."

"Nimefikiria. Hakuna. Ilivutwa kutoka Longech kwa kamba, ikaegeshwa hapa, haijaguswa."

"Redio? Taa? Kuna mtu ameweka waya ya kuchaji simu?"

"Odongo, nimekuita utengeneze gari. Kama unataka kuhoji watu, nenda uandikwe polisi. Umenipakulia mchanga hapa, umeniharibia asubuhi, umeniachisha kiti cha Ekaale, na bado unaniuliza mimi ugonjwa ni nini. Kama kazi imekushinda, sema imekushinda, niite fundi."

Neno hilo la mwisho lilimpata. Aliweka spana chini taratibu, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta, akatazama upande mwingine. Nilitaka kumwomba radhi, lakini nilikuwa na hasira bado, na nikiwa na hasira mdomo wangu haujui njia ya kurudi.

Simu ikalia. Nilibonyeza kwa kifundo cha kidole, nikaiweka kwenye boneti na spika juu, maana mikono ilikuwa michafu.

"Dada," alisema Nabintu. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa na mtoto analia. "Uko wapi sasa? Banatuambia tupange mustari kwa mulango."

"Niko nyumbani."

"Usinicheke."

"Niko nyumbani, Nabintu. Gari imekataa."

"Weye haujuwe kudanganya," alisema. "Mutu mwingine angesema niko kwa njia."

"Wewe unataka nikudanganye?"

"Hapana. Nataka ukuye."

"Sasa nifanye nini? Nibebe gari mgongoni? Kwani ni mimi ninayeondoka? Wewe ndiye unaondoka. Mimi niko palepale uliponikuta."

Nilipolisema hilo nililisikia mimi mwenyewe. Kumbe asubuhi yote nilikuwa namtukania Odongo na gari kitu ambacho hakikuwa chao. Nilikuwa na hasira na Nabintu kwa sababu amepata ndege. Nilimfurahia, Mungu anajua, nilisali apate. Na alipopata, nilitaka kumpiga kofi.

Nabintu hakukasirika. Yeye hukasirika juu ya samaki walioharibika, si juu ya maneno yangu.

"Funguo, je, umeipenda?" aliuliza, polepole, ili tuzungumze jambo jingine.

"Nimeipenda. Nililala nayo."

"Ile ni kifuniko ya sufuria yetu. Ya ugali. Banasema kilo ni kidogo kwa ndege, sufuria haiwezi enda. Nikaona nisiwachie batu kifuniko. Nikapeleka kwa fundi, akakata, akafunika kichwa yote ya funguo, ngii, hata maji haiwezi ingia. Sasa haiwezi potea tena kwa maji. Ni muzito, ikikutoka kwa mukono utasikia." Akacheka. "Samaki ni mubaya, eh?"

"Ni mbaya sana," nilisema.

Kisha wakamwita, na akakata.

Nilipogeuka, Odongo alikuwa amesimama. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia mlango wa gari uliokuwa wazi, na samaki wangu anayening'inia pale. Alipita karibu nami, akaingia, akafunua kitambaa cha kufumwa ambacho nimekitandika juu ya dashibodi tangu Krismasi iliyopita. Chini yake, pembeni, taa ndogo nyekundu ilikuwa inapepesa haraka haraka. Sijui ilikuwa imepepesa tangu lini. Mimi hata sikujua ipo.

"Funguo," alisema. "Asubuhi yote nimeishika hii funguo. Hata nimeisifu."

"Funguo ina nini? Si inawasha?"

"Inazungusha. Kuwasha ni kitu ingine." Akaketi pembeni ya kiti akanieleza, na kwa mara ya kwanza siku ile hakujisifu. Ndani ya kichwa cheusi cha plastiki, alisema, mna kidude kidogo kama punje ya mchele. Ukitia ufunguo, gari linakiuliza kidude: ni wewe? Nacho kinajibu: ni mimi. Gari likisikia jibu, linaendelea. Lisiposikia, linawaka kidogo, linangoja, kisha linajizima, kwa sababu linadhani ni mwizi. Na alumini hairuhusu jibu kutoka. Nabintu alikuwa amekifunika kidude mdomo, vizuri kabisa, hata maji hayaingii.

Gari langu mwenyewe, uani kwangu mwenyewe, lilikuwa linaniita mwizi tangu alfajiri.

"Haya," nilisema baadaye. "Tufanye nini?"

"Tunatoa hiyo bati."

"Hapana."

"Mama Samaki."

"Nimesema hapana. Tafuta njia nyingine."

"Iko. Tunatafuta mtu wa kompyuta Kitale, anakuja na mashine, anafundisha gari isiulize. Kesho, kesho kutwa." Aliangalia jua badala ya kuniangalia mimi. "Kwa leo ni hiyo tu."

Niliuchukua ufunguo nikaushika. Niligeuza upande wa samaki. Nilifikiria kumpigia Nabintu nimwambie siji, nimebaki na samaki wake, anielewe. Angenielewa kweli. Angepanda ndege akijua kwamba zawadi yake ndiyo iliyonizuia, na huko Kanada, kwenye baridi, angekuwa na jambo hilo la kulifikiria kila akifunika sufuria nyingine.

"Nipe koleo," nilisema.

"Wacha mimi nifanye."

"Ni yangu. Nipe."

Yule fundi wa Kakuma aliijua kazi yake. Misumari haikutaka kutoka. Niliivuta mmoja mmoja, nikaipenyeza bisibisi kwenye mkunjo, nikalibetua, na bamba likapasuka katikati kwa sauti ndogo ya kitu kinacholia. Samaki alikatika nyuma ya jicho. Kichwa cha plastiki kikatokea, cheusi, kina ufa, kibaya kuliko nilivyokumbuka.

Nikauingiza, nikazungusha. Gari likawaka. Nilingoja na mikono juu ya usukani, nimefumba macho. Lilinguruma, likaendelea kunguruma. Odongo akafunga boneti. Alikuwa na haki ya kusema neno moja la kujisifu, na hakulisema.

"Odongo, yale maneno yangu..."

"Enda," alisema. "Na usizime popote. Kama ile kidude imeumia tukitoa bati, sijui itajibu mara ya pili."

Niliyaweka mabamba mawili ya alumini mfukoni nikaondoka. Barabara ya Kakuma nimeipita mara nyingi kiasi kwamba naweza kulala nikiendesha, lakini siku hiyo nilikuwa natazama ile taa nyekundu kuliko barabara. Haikuwaka. Mbuzi walivuka, nikapiga honi sikusimama. Watu walinipungia mkono wakitaka lifti, sikusimama, na mmoja nadhani ni binamu yangu.

Basi lilikuwa limeshageuzwa likielekea barabarani nilipofika. Watu walijazana kwenye uzio wa waya, wengine wanaimba, wengine wanalia, wengine wanashika simu juu wapige picha. Niliacha pikapu linanguruma katikati ya njia, mlango wazi, mlinzi ananipigia kelele, nikapita kati ya watu kwa viwiko vyenye mafuta ya gari, nikiimwaga baraka hiyo kwenye nguo zao zote nzuri. Nililipata dirisha lake karibu na nyuma.

Alikuwa amevaa jaketi nene la baridi, katika joto lile, na mfuko mweupe wa karatasi zake unaning'inia shingoni. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alipoliona gauni langu alifunika mdomo.

"Umekuya," alisema.

"Nimekuja."

Akatoa mkono dirishani, nikaushika. Dereva alikuwa ameshawasha basi. Mimi ninayejulikana kuanzia Longech mpaka hapa kwa mdomo wangu, nilikaza tu kuushika.

"Gari ilipona?"

"Ilipona. Si unaisikia?" Akatega sikio, na kweli, kupita nyimbo na vilio, pikapu lilisikika kule nyuma.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza Nabintu.

Mkono wangu mwingine ulikuwa mfukoni. Mabamba yalikuwa na ncha kali pale yalipopasuka, na nilikuwa nimeyakamata.

"Mafuta," nilisema. "Ni mafuta machafu tu. Ya mitungi."

"Na funguo?"

"Iko kwa gari. Nikigusa tu, inawaka."

Alinitazama, yule anayesema sijui kudanganya, akanitazama sana. Kisha uso wake ukafunguka wote, akacheka kama anavyocheka samaki wakiisha mapema.

"Nilijua," alisema. "Ile fundi ni muzuri."

Basi likasogea. Nilienda nalo hatua chache, kisha mkono wake ukatoka katika wangu, na waya za uzio zikawa kati yetu, na lile jaketi sikuliona tena.

Watu walianza kutawanyika. Nilirudi kwenye pikapu, nikaketi, nikafunga mlango. Mlinzi alikuja dirishani kunigombeza, akaniona, akaenda zake. Nilitoa mabamba mfukoni nikayaweka juu ya kitambaa cha dashibodi, nusu ya samaki hapa na nusu hapa, nikajaribu kuzikutanisha. Mbele, upande wa uwanja wa ndege, vumbi la basi lilikuwa limeinuka.

Injini ilikuwa bado inanguruma, vizuri kabisa, bila kukohoa. Niliizima mwenyewe.